Jani la Wambeti

Nimepima tumbaku kwa pua yangu miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuvuta hata sigara moja kwa raha. Pua ilikuwa ya kampuni. Jioni niliirudisha nyumbani ikiwa imechoka kiasi cha kushindwa kutofautisha supu na maji yaliyooshewa sufuria, na marehemu mke wangu alikuwa akisema ananipikia bure. Sasa nina miaka sabini na mmoja, niko Kibugu na vishina vyangu vya chai, na kila kitu kinanichosha. Hata kupumzika kunanichosha. Nikikaa sana mgongo unauma, nikisimama magoti yanauma, nikilala naota niko kazini.

Jumamosi moja binti yangu Ruguru alikuja kunitazama. Ruguru anafanya kazi katika baa ya hoteli moja kubwa mjini Meru. Alileta unga, sukari, dawa ya magoti, na kutoka chini kabisa ya mkoba akatoa vitu viwili virefu vya rangi ya kahawia vilivyofungwa kwa nailoni. Nilidhani ni soseji.

"Ni siga, Baba, sigara za jani tupu bila karatasi. Mgeni fulani aliniachia kama tip. Mimi sivuti, nikasema nitaletea mzee aonje kazi yake."

"Kazi yangu iliisha."

"Sasa onja pensheni."

Huyo ndiye Ruguru. Ulimi wake aliurithi kwa mama yake.

Aliniketisha kwenye kiti cha plastiki kule nyuma ya jiko, mahali ambapo chai inaonekana ikishuka mpaka mtoni. Akafungua moja. Nilinyoosha mkono niichukue, akanizuia, akanipa kwanza ninuse tu. Nikacheka moyoni. Mimi, Gachoki, ninayejulikana kutoka Runyenjes mpaka Kiritiri kama karani wa tumbaku, naonyeshwa jinsi ya kunusa jani na mtoto niliyemfunga nepi. Lakini nilinusa. Ilikuwa na harufu ya nyasi kavu, na mbao iliyopigwa randa asubuhi hiyo.

Akakata kichwa cha ile siga kwa kisu kidogo chenye matundu mawili ya vidole. Akawasha kiberiti, akaisogeza siga pembeni ya mwali bila kuiingiza, akawa anaizungusha polepole mpaka ncha yote ikawa nyekundu. Nilipoipata mdomoni nikavuta kama nilivyokuwa nikiona madereva wa lori wakivuta. Nilikohoa mpaka miwani ikaanguka.

"Baba! Usimeze moshi. Hii si ya kifua. Weka mdomoni, onja, achilia. Halafu unangoja kama dakika moja ndio uvute tena."

"Dakika nzima nikifanya nini?"

"Ukikaa tu."

Hilo nalo lilikuwa jambo geni. Maisha yangu yote sijawahi kupewa kitu ambacho masharti yake ni nikae tu.

Nikavuta tena, nikaachilia. Hakuna kitu. Nikamwambia Ruguru ukweli: "Hii haina nguvu. Haipigi kichwa."

"Ndio, ni ya pole. Mild, tunaita. Hotelini tunawapa wale wanaoanza, na wale wazee ambao wamevuta zote kali mpaka wamechoka wakarudi kwa pole. Lakini ni ya bei, Baba. Usiangalie upole wake. Hiyo moja inanunua gunia la mahindi."

Nikaendelea, maana gunia la mahindi halitupwi. Na taratibu ule upole ukaanza kusema. Kwanza yalikuja maziwa, yale yaliyochemshwa yakaachwa mpaka yakafanya utando juu. Halafu njugu zilizokaangwa bila chumvi. Pilipili kidogo, mbali, kwenye ncha ya ulimi, ikapita. Majivu yalikuwa meupe na yalikaa palepale kwenye ncha bila kuanguka. Ruguru akasema hiyo ni dalili ya jani lililokunjwa vizuri. Nikasema najua, ingawa sikujua.

Siga ilipofika katikati, nikaonja nta. Si asali yenyewe. Ni ile harufu ya ndani ya mzinga mkongwe ulioshushwa mtini ukaachwa juani, utamu uliokwisha kuondoka ukabaki ukumbusho wake tu. Mkono wangu wa kulia ulianza kusugua vidole vyenyewe, kidole gumba juu ya cha shahada, kama ulivyokuwa ukisugua jani mezani. Mkono ulikumbuka kabla yangu. Nami nilipokumbuka, raha yote ikaniishia.

"Baba, nini?"

"Hili jani nimewahi kulishika," nikasema. "Nililiita takataka."

Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua za El Nino. Kule chini Mbeere, upande wa Ishiara, alikuwako mkulima aitwaye Runji. Yeye alilima, na mkewe Wambeti ndiye aliyekausha. Kukausha tumbaku yetu kulikuwa hivi: majani yanafungwa kwenye fito, yananing'inizwa bandani, na chini yake moto unakaa siku saba mchana na usiku. Moshi ndio unaolipa jani ukali, na ukali ndio uliokuwa ukitakiwa. Moto ukipanda sana jani linaungua. Ukizimika, jani linaoza. Kwa hiyo anayelinda moto halali. Anasinzia kidogo mchana mwenzake akimshikia zamu, lakini usiku halali. Mtu akiharibu tumbaku ya bandani kwa usingizi, hiyo ni aibu ya kusemwa sokoni, maana amekula jasho la nyumba nzima.

Mwaka ule kuni zote zilikuwa zimelowa. Wambeti aliulea moto mdogo, mdogo lakini haukuzimika, siku kumi na moja badala ya saba. Kisha barabara ikakatika, lori letu halikufika, na tumbaku ikakaa nyumbani mwao imerundikwa karibu miezi miwili, ikipata joto lenyewe kwa lenyewe. Walipoileta hatimaye kituoni, pale tuliponunulia tumbaku, nilishika jani lake nikashangaa. Lilikuwa laini, rangi moja kutoka shina mpaka ncha, na lilinukia mzinga.

Jani lililolaliwa na mlinzi, yaani moto ukazimika yeye akiwa usingizini, nalijua. Linanuka gunia bichi, na kando ya mshipa lina madoa meusi. Lile halikuwa na doa hata moja. Lakini halikuwa kali, na kwenye karatasi ya kampuni hapakuwa na gredi ya jani la namna hiyo. Ilinipasa niliweke kando, niandike barua, nimwite mkubwa wangu kutoka Embu aje aangalie. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Nilikuwa nimechoka, na nikasema sentensi iliyokuwa karibu mdomoni.

"Moto ulilala. Nani alikuwa akilinda?"

Watu wote kwenye foleni wakamgeukia Wambeti. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi wakacheka. Runji hakucheka. Alimwangalia mkewe kama mtu anayemwona mwizi akitoka chumbani mwake. Wambeti akasema mara moja, kwa sauti ya kawaida, "Sikulala." Nikagonga muhuri wa gredi ya mwisho, ile inayochomwa moto nyuma ya kituo, nikaita anayefuata.

Basi, nilidhani yameisha hapo. Lakini Mbeere ina kumbukumbu. Tangu siku hiyo, Wambeti akipita sokoni, wanawake wanamwuliza, "Umeamka?" Si kwa ubaya, wanasema, ni mzaha tu. Mzaha huo umekuwa salamu yake. Runji hakumruhusu tena kuingia bandani, akalinda moto mwenyewe misimu miwili, kisha akaacha tumbaku kabisa. Kila nilipokutana naye miaka hii yote, kwenye mazishi, kwenye harusi, atanishika bega aseme mbele ya watu, "Karani, kama si usingizi wa mtu fulani, mimi leo ningekuwa na nyumba ya mawe." Na mtu fulani amekaa palepale na sahani yake. Nami nilikuwa nikitabasamu. Mungu anisamehe, nilikuwa nikitabasamu.

Ruguru alisikiliza yote mikono ikiwa kifuani. Nilidhani atanifariji. Akasema, "Na kwa nini hukuwaambia?"

"Mwanzoni niliogopa kazi. Baadaye niliona imepita muda."

"Imepita kwako."

Nilitaka kuisugua ile siga chini niizime. Akanishika mkono. "Haizimwi hivyo, ukiiponda inanuka vibaya. Iweke tu, itajizima." Tukaiweka kwenye kifuniko cha bati, tukaitazama ikijizima, na Ruguru akaenda kupika. Ile ya pili niliifunga kwa gazeti nikaiweka katika mfuko wa koti.

Jumatano nikateremka Ishiara. Siwezi kusema nilienda kwa ujasiri. Nilienda kwa sababu usiku nilikuwa nimeacha kupata usingizi, na mtu aliyechoka kama mimi usingizi ndio mali pekee iliyobaki. Joto la kule chini lilinishika shingoni mara tu niliposhuka. Mwenye bodaboda aliniuliza naenda kwa nani, nikasema kwa Runji, naye, kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati ule, akasema, "Kwa yule shosho, yule bibi wa 'Umeamka?'" Nikapanda nyuma yake.

Runji alikuwa chini ya paa la ghala lake tupu, anasaga ugoro. Alifurahi kuniona, akainuka kwa shida, akanishika bega kama kawaida yake. Wambeti alikuwa hatua chache kutoka hapo, uani, amekaa kwenye gunia na ungo wa ndengu mapajani, anapepeta. Amekonda. Alinisalimia kwa heshima, "Karibu, karani," akaniletea uji kwenye kibuyu, akarudi kwenye ungo wake.

Tukaongea habari za mvua, na za mbuzi, na za binti yao Alice aliyeolewa Muthara. Maneno yangu niliyoyapanga njia nzima yalikuwa yametoroka. Mwishowe nikatoa gazeti mfukoni.

"Nimekuletea tumbaku ya wazungu, Baba Alice."

Alishika ile siga kwa mikono miwili, akainusa, na kabla sijasema kitu akavunja kipande cha ncha akakisugua kiganjani, tayari kukitia kwenye ugoro wake. Nikamnyang'anya kwa upole. Nikamkatia kwa kisu cha jikoni, nikawasha nikizungusha kama nilivyofundishwa, nikamwambia asimeze moshi. Runji akavuta. Akaachilia. Akavuta tena, akafumba jicho moja, sura ile ya mkulima anayejua kitu.

"Karani," akasema, "umeibiwa. Hii haina moshi. Hii hata moto wake ulilala."

Akacheka, akageuza kichwa kidogo kuelekea uani ili maneno yafike. Yakafika. Ungo wa Wambeti ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Aliyasema maneno yangu yenyewe, kwa sauti yangu, kuhusu kitu ambacho watu wanakisafirisha kwa ndege. Nikamwambia, "Runji, hiyo moja ni bei ya gunia la mahindi."

"Wacha mchezo."

"Ruguru anaziuza hotelini. Iko hivyo kwa makusudi. Inakaushwa polepole, inarundikwa, inapata joto lenyewe, miezi. Wanataka iwe hivyo, ya pole. Vuta tena. Ngoja kidogo kwanza. Sasa vuta. Unaonja nini?"

Akavuta kwa shingo upande. Nikamwona anaonja. Taya lake lilisimama. Alikuwa mfuga nyuki tangu utotoni. Hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Mzinga," akasema polepole.

"Ni kama lile jani, Runji. La baada ya El Nino. Lile nililolichoma. Halikuwa na ubaya wowote. Halikulaliwa. Nililishika nikajua halikulaliwa, nikasema limelaliwa kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa nimechoka. Hakuna aliyelala isipokuwa mimi."

Majivu yalikua mkononi mwake, meupe, wala hakuyatikisa. Nilitegemea anitukane, na ningeona nafuu.

"Miaka ishirini na saba, karani," akasema.

"Ndio."

"Hiyo maneno nimeisema hata kwa mazishi ya mama ya mke wangu. Mbele ya ndugu zake."

"Najua. Nilikuwako."

Akaiweka siga juu ya jiwe la kusagia, taratibu sana, kana kwamba ni yai. Akainuka, akatafuta fimbo yake. Nilidhani anaenda kwa mkewe. Alifika nusu ya njia, akasimama mbele yake, mdomo ukafunguka, ukafungwa. Kisha akapita, akaenda zizini, na nikamsikia akizungumza na mbuzi. Sikumlaumu. Ningekuwa na zizi pale, hata mimi ningeingia.

Nikabaki mimi na Wambeti. Nilisogeza kigoda changu mpaka karibu na gunia lake, magoti yakilia. "Mama Alice, umesikia?"

"Mimi si kiziwi."

"Nimekuja kuomba msamaha."

Aliweka ungo chini. Akaenda mpaka kwenye jiwe, akaichukua ile siga iliyokuwa bado na moto kidogo ndani, akaileta puani. Alivuta harufu yake mara moja, ndefu, macho yamefungwa, na uso wake ukawa wa mwanamke mwingine, kijana, aliyeketi mbele ya moto mdogo na kuni mbichi anahesabu siku.

"Ndio hii," akasema. "Siku ya tisa ndio ilianza kunukia hivi. Nilimwambia Baba Alice, njoo unuse. Alikuwa amelala."

Akarudi kuketi. Hakulia, na mimi ndiye niliyekuwa nikipangusa miwani. Alichukua ungo, akaupepeta mara mbili, akauweka chini tena.

"Karani, siku ile ulisemea wapi?"

"Kituoni."

"Kulikuwa na watu?"

"Walikuwako."

"Wengi?"

"Wengi, Mama Alice."

"Basi hii ya leo umesemea mimi na mbuzi." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Kesho ni soko. Wale walikuwa kwa foleni, wengine wamekufa, lakini wengine wako. Wanauza nyanya, wanauza kuku. Nikipita wataniuliza ile swali yao. Nataka wakiuliza, wewe ujibu."

Nikaona soko lote mbele yangu, jua lile, vumbi, mimi nimesimama katikati ya wanawake na fimbo yangu, nikijieleza kwa watu wanaocheka. Nikafikiria kiti changu cha plastiki kule Kibugu. Nikasema, na nilikuwa nikisema kweli, "Mama Alice, mimi ni mzee. Siwezi kusimama hata nusu saa. Nimechoka."

Hakukasirika. Aliokota punje moja ya ndengu iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo.

"Hata mimi usiku ile nilikuwa nimechoka, karani," akasema. "Usiku zote kumi na moja. Na sikulala."

Zizini Runji alikuwa amenyamaza. Nadhani alikuwa akisikiliza. Nilivua koti, nikalikunja, nikalilaza kwenye kigoda kama mgeni anayelala hapo. Kisha nikamwuliza Wambeti soko hujaa saa ngapi.

"Saa nne," akasema.